Mchezaji akirudi Kigoma, tusimpokee kama mtu aliyeshindwa

Kumsindikiza mtu Kigoma tunajua sana. Kijana akipata timu Dar au Mwanza mtaa mzima una habari, mama yake anapigiwa simu za hongera mpaka chaji inaisha, stesheni wanaenda watu hata ambao hawajawahi kumuona akicheza. Kumpokea akirudi ndo hatujui kabisa. Akirudi tunamuuliza amejenga wapi, na akisema hajajenga basi hukumu imeshatoka hiyo, kafulia, mpira umemkataa, karudi mwisho wa reli. Mimi hili jambo linaniuma na leo nataka niliseme kwa urefu, kwa sababu naamini linatugharimu kuliko tunavodhani.

Pale Mwanga kuna kaka mmoja, jina naliacha, alicheza ligi kuu misimu kadhaa, beki, goti likamsumbua, mkataba ukaisha hawakumuongezea akarudi nyumbani. Sasa hivi anauza spea za pikipiki. Jioni akifunga duka anapita uwanjani wanapofanyia mazoezi vijana wa mtaa na anasimama nyuma ya goli, hasemi kitu. Kuna siku nilimuona kamshika bega dogo mmoja wa miaka kama 13 hivi, beki wa kushoto ambaye alikuwa anapitwa kila mara na winga mmoja mwenye mbwembwe, akamwambia dogo acha kuangalia mpira, na miguu yake usiiangalie, angalia kiuno chake, kiuno hakidanganyi. Akamshusha magoti kidogo, akamgeuza mwili upande, akamuonesha mguu upi utangulie. Dogo akarudi uwanjani na yule winga hakupita tena upande ule mpaka jua linazama. Dakika tatu tu zile! Na huyu mtu hakuna timu yoyote hapa mjini iliyowahi kumuomba aje hata mara moja kwa wiki, hakuna shule iliyomuita, na ukiuliza kwa nini unaambiwa aah yule si alishindwa yule.

Sasa mfano ninaoutaka nautoa mbali, kwenye raga, tena raga ligi, mchezo ambao huku kwetu hauchezwi na wengi hata hawajawahi kuuona. Nimeuchagua makusudi. Huko Wales, nchi jirani na Uingereza, hii ishu ya kuondoka na kurudi iliwekewa mpaka sheria, kwa hiyo kinachofanyika huku kwetu kimya kimya, kule kilifanyika hadharani, na matokeo yake yanaonekana.

Kwa asiyejua, raga zipo mbili. Kuna raga yunioni, wachezaji 15 kila upande, ndo ile ya Kombe la Dunia ambayo Afrika Kusini wanaisumbua dunia. Na kuna raga ligi, wachezaji 13, timu inapewa nafasi ya kuangushwa mara 6 halafu inaachia mpira, hakuna kurundikana sana, ni kukimbia na kugongana tu mwanzo mwisho. Zamani ulikuwa mchezo mmoja. Mwaka 1895 vilabu vya kaskazini mwa Uingereza vikakutana kwenye hoteli ya George pale Huddersfield vikajitoa, na sababu yenyewe ilikuwa hela ya kawaida kabisa. Wachezaji wa kule walikuwa watu wa migodini na viwandani, Jumamosi ilikuwa siku ya kazi, mtu akienda kucheza anakatwa mshahara, vilabu vikataka kumfidia ile siku aliyopoteza. Mabwana wa kusini wakakataa, wakasema mchezo unachezwa kwa mapenzi. Ni rahisi kusema mapenzi ukiwa na shamba la baba yako! Basi ligi ikawa mchezo wa kulipwa na yunioni ikabaki ya ridhaa miaka 100, na katika miaka hiyo yote mchezaji wa yunioni aliyekwenda kulipwa kwenye ligi alifungiwa maisha. Haruhusiwi kucheza tena yunioni, haruhusiwi kufundisha, na klabu yake ya nyumbani aliyoanzia utotoni inamfungia mlango. Watu walienda kufanyiwa majaribio kwa kujificha, jina halisi haliandikwi kwenye orodha ya timu ili wakikosa mkataba warudi nyumbani bila kugundulika.

Na walioumia zaidi ni Wales. Nchi ndogo, maskini ukilinganisha na jirani yake, mabonde ya makaa ya mawe, inapenda raga kupita kitu chochote. Kila kizazi kilikuwa na vijana wake waliopanda treni kwenda kaskazini ya Uingereza.

Nichukue mmoja, Jonathan Davies, mashabiki wanamuita Jiffy. Kazaliwa 1962, kijiji cha Trimsaran, magharibi ya Wales, kijiji cha wachimba makaa, lugha ya nyumbani Kiwelshi. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka 14. Hakuwa na mwili mkubwa, alikuwa mwembamba lakini mwepesi ajabu, anacheza namba 10, yule anayeiendesha timu. Akaanzia Neath, 1985 akaitwa timu ya taifa, mechi ya kwanza kabisa dhidi ya Uingereza pale Cardiff wakashinda 24 kwa 15 na yeye akafunga. 1987 Wales wakawa wa tatu Kombe la Dunia. Mwaka 1988 wakaenda New Zealand wakapigwa 52 kwa 3, mechi ya pili wakapigwa 54 kwa 9, na hiyo ya pili Davies ndo alikuwa nahodha.

Hapa ndo pa kutulia kidogo. Yule kijana alirudi kutoka New Zealand akiwa ameona kitu. Ameona wenzetu wanafanya mazoezi vipi, wanakula nini, wamejipanga vipi, na akataka kuwaambia viongozi wa chama cha raga, akataka azungumze kwenye mkutano mkuu wao. Hawakumpa nafasi. Mchezaji wa kuongea na wazee? Akacheza tena Desemba 1988 akiwa nahodha, wakafungwa nyumbani na Romania 15 kwa 9, lawama zote zikamuangukia yeye, na mwezi uliofuata, Januari 1989, akasaini Widnes, klabu ya raga ligi kwenye mji wa viwanda vya kemikali, kwa dau la zaidi ya pauni 200,000. Wales nzima ikalia, magazeti yakaandika kama msiba. Ukisoma habari zile utaona wengi wanasema kafuata hela, na hela ilikuwepo kweli, ana familia na yunioni haimlipi hata senti. Ila mimi naona mtu aliyenyimwa nafasi ya kuongea nyumbani kwake alikuwa ameshaondoka tayari kabla ya kusaini.

Huko Widnes haikuwa mteremko. Nahodha wa nchi anaanza upya kama mwanafunzi, mwili mdogo kwenye mchezo ambao watu wanakusubiri wakuvunje, kila timu ikicheza nayo inataka kumjaribu yule staa kutoka Wales aliyelipwa hela nyingi. Akaenda gym akaongeza misuli, akajifunza kukaba upya, na ndani ya mwaka huo huo 1989 Widnes wakachukua ubingwa wa ligi na Oktoba wakawafunga Canberra ya Australia 30 kwa 18 pale Old Trafford kwenye mechi ya mabingwa wa dunia. Baadae Widnes wakaishiwa hela, 1993 akahamia Warrington, na 1994 akapewa tuzo ya Man of Steel, ndo tuzo ya mchezaji bora wa msimu kule. Mwaka huo huo Oktoba, Wembley, Great Britain, yaani timu ya pamoja ya Uingereza na jirani zake kama Wales, dhidi ya Australia, mwenzao Shaun Edwards katolewa nje mapema tu, wamebaki 12, na Davies akachomoka kutoka nyuma akakimbia mpaka kona akafunga, wakashinda 8 kwa 4. Mtu aliyeambiwa ni mdogo mno kwa ligi. Hili jina Shaun Edwards lishikeni, nitalirudia.

Agosti 1995 wakubwa wa raga yunioni wakakutana Paris wakatangaza kwamba kulipwa sasa ruksa. Sheria ya miaka 100 ikafutwa kwa siku moja. Oktoba Davies akaiongoza timu ya ligi ya Wales nusu fainali ya Kombe la Dunia pale Old Trafford, wakatolewa na Uingereza 25 kwa 10, na baada ya hapo akarudi nyumbani, Cardiff, akiwa na miaka 33.

Mechi yake ya kwanza ilikuwa dhidi ya Aberavon. Watu walijaa kumuona, kamera zikawepo, na mpira wenyewe ukamfikia mara chache sana. Wenzake hawakuwa wanampa. Fikiria hapo, mtu kacheza Wembley, kashinda kila kitu, karudi nyumbani kwa heshima zote, mlangoni hakuna aliyemkataza, ila ndani ya uwanja wale wadogo zake wanamwangalia kama mtu aliyekuja kuchukua sahani yao. Mwenye namba 10 alikuwepo. Aliyevumilia miaka yote ile bila kulipwa alikuwepo. Na mimi wale wachezaji siwalaumu sana, wana machungu yao, nailaumu klabu ambayo ilimsajili mtu mkubwa vile bila kukaa na timu kwanza na kuwaeleza huyu anakuja kufanya nini na nafasi ya kila mtu iko wapi. Sheria ya karatasi inafutwa kwa siku moja, iliyoko vichwani inabaki pale pale.

Na kuna jambo jingine la kurudi ambalo watu hawaliweki kwenye mahesabu. Miaka ileile mke wake, Karen, aliugua saratani, akafariki 1997, akaacha watoto wadogo. Mwaka huo huo Machi alivaa jezi ya Wales mara ya mwisho, dhidi ya Uingereza, mechi ya mwisho kwenye uwanja wa zamani wa Cardiff Arms Park, wakafungwa, na hakuendelea sana baada ya hapo. Baadae akawa mchambuzi wa televisheni, na mpaka leo anahangaika kuchangisha pesa za hospitali ya saratani ya Velindre pale Cardiff. Nalisema hili kwa sababu sisi tukimuona mtu karudi tunafikiri ni mpira tu au hela tu. Mtu anarudi kwa sababu mama anaumwa, mtoto anaanza shule, ndoa inayumba, mwili umechoka. Hakuna anayekuuliza hayo kijiweni.

Kwa hiyo ukimtazama Davies peke yake, kurudi kwake kiuwanja hakukuwa na maajabu, kachelewa, mwili ulikuwa umeshatumika. Ila hakurudi peke yake. Walirudi kina Scott Gibbs kutoka St Helens, Scott Quinnell kutoka Wigan, Allan Bateman, David Young, wote watoto wa Wales waliokuwa wamefungiwa. Hawa walirudi bado wana miaka ya kucheza, na walikuja na vitu ambavyo yunioni haikuwa navyo: namna ya kukaba kwa mstari mtu na mwenzake wanasogea pamoja, pembe za kukimbilia, mazoezi ya mtu anayelipwa kila siku tofauti na mazoezi ya Jumanne na Alhamisi usiku baada ya kazi. Mwaka 1997 Lions, timu ya pamoja ya Uingereza, Wales, Scotland na Ireland, ilipokwenda Afrika Kusini, kwa mabingwa wa dunia kabisa, walikuwemo wachezaji 6 waliotoka raga ligi, hao wanne pamoja na John Bentley na Alan Tait. Watu waliwapa Lions nafasi ndogo mno. Wakashinda mechi 2 kati ya 3 dhidi ya timu ya taifa, na mchezaji bora wa zile mechi akawa Gibbs. Ukiangalia mechi za ile ziara utaona kukaba kwao, lile jitu kubwa la Afrika Kusini linakuja na linasimamishwa palepale.

Halafu Aprili 11, 1999, Wembley. Wales na Uingereza, Uingereza wanaongoza, zimebaki dakika chache, wakishinda wanakamilisha ushindi wa mechi zote za mashindano. Quinnell anapokea mpira, unamcheza cheza mkononi kidogo, anampa Gibbs anayekuja kwa kasi, Gibbs anakata ukuta, anawakwepa mmoja mmoja mpaka ndani. Neil Jenkins anapiga mkwaju, 32 kwa 31. Nchi nzima inaimba mpaka leo. Aliyetoa pasi na aliyefunga wote wawili ni watu ambao miaka 5 nyuma kisheria walikuwa wamefungiwa maisha na nchi yao wenyewe! Ingekuwa Paris hawajabadilisha mawazo, ile trai, ndo bao la raga la kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, isingekuwepo.

Na yule Shaun Edwards niliyesema mshike jina lake, mtoto wa Wigan, raga ligi damu mpaka mifupa, Wales walimchukua kuwa kocha wa ukabaji kuanzia 2008 mpaka 2019, na katika kipindi hicho wakashinda mechi zote za mashindano ya Mataifa Sita ya Ulaya mara tatu, 2008, 2012 na 2019. Wamefika mahali wanamtafuta mtu wa ligi wenyewe na kumlipa, ule ujuzi ambao zamani walimfungia mtu kwa kwenda kuutafuta.

Kuna waliochelewa kupokelewa lakini, na hii sehemu kwangu ndo nzito zaidi. Pale Cardiff kuna mtaa wa bandarini, Tiger Bay, mabaharia wa kila taifa walishukia pale wakaoa wakazaa, Wasomali, Wayemeni, watu wa Afrika Magharibi, watu wa Karibi. Mtu wa Ujiji ukimuelezea Tiger Bay anaelewa haraka sana kuliko mtu mwingine, maana na sisi mji wetu umejengwa na waliovuka maji, Wamanyema, Wabembe, Wagoma, Waarabu, pamoja na Waha wenyeji. Billy Boston kazaliwa pale 1934, baba kutoka Sierra Leone, familia ya watoto 11. Ndoto yake ilikuwa kuichezea Cardiff na Wales. Kijana mweusi wa bandarini miaka ile, simu haikuwa inaita. 1953 akasaini Wigan akaenda, akawafungia trai 478. Nne sabini na nane! Wigan wakamuwekea sanamu. Clive Sullivan naye wa Cardiff, akaenda Hull, mwaka 1972 akawa nahodha wa ile timu ya pamoja, Great Britain, iliyochukua Kombe la Dunia la raga ligi, mtu mweusi wa kwanza kuongoza timu ya taifa ya Uingereza kwenye mchezo mkubwa, Hull wana barabara kubwa yenye jina lake. Gus Risman naye hivo hivo, mtoto wa wahamiaji kutoka Latvia.

Cardiff iliwakumbuka lini? Julai 2023. Ikawekwa sanamu ya wote watatu pale bandarini. Sullivan alikuwa amefariki tangu 1985 akiwa na miaka 42 tu, Risman amefariki 1994, aliyekuwepo kuiona ni Boston peke yake akiwa na miaka 88. Mwaka 2025 akapewa na ufalme heshima ya kuitwa Sir, mchezaji wa kwanza wa raga ligi kuipata, akiwa na miaka 90. Ni vizuri, na nashukuru aliiona kwa macho yake. Ila miaka 70 ile ambayo watoto wa Tiger Bay wangeweza kumuona Boston uwanjani kwao akiwaelekeza, haipo na hairudi.

Sasa turudi huku kwetu, Gungu, Mwanga, Bangwe, Katonga, Ujiji. Kigoma haijawahi kuwa na uhaba wa wachezaji, hilo kila mtu wa mpira Tanzania anakubali. Sunday Manara ambaye asili yake ni huku, alikwenda Heracles ya Uholanzi miaka ya 70, wakati ambao Mtanzania kucheza Ulaya ilikuwa ni kitu cha kuota. Juma Kaseja ni mtoto wa Kigoma, alikuwa golini Simba ilipowatoa Zamalek waliokuwa mabingwa watetezi wa Afrika, kulekule Cairo kwa matuta, 2003. Na nyuma ya hao wakubwa kuna makumi ya ambao hawakuwa maarufu, waliocheza misimu miwili mitatu ligi kuu, waliocheza daraja la kwanza, waliokwenda Burundi na Kongo wakacheza, wakarudi. Hawa ndo ninaowazungumzia mimi. Maarufu atapata kazi Dar. Huyu wa kati ndo anayerudi kweli nyumbani, na huyu ndo tunayempoteza.

Sisi hatuna sheria ya kumfungia mtu, tuna maneno. Na maneno yetu yanafanya kazi ileile, tena vizuri zaidi, kwa sababu sheria unaweza kukaa Paris ukaifuta, kijiwe utakifuta wapi. Mtu akijua kwamba akionekana uwanjani watu watasema anatafuta hela ya chai kwa watoto, haji. Akijua akimkosoa kocha wa timu ya mtaa ataambiwa wewe mwenyewe ulifika wapi, ananyamaza. Wengine hawarudi kabisa, wanabaki Dar wamepanga chumba Mbagala wanahangaika, bora kuhangaika mahali ambapo hakuna anayekujua kuliko kurudi Kigoma ukaonekana huna gari. Nimeongea na wawili watatu wa namna hii na wote wanasema kitu kimoja, wanaogopa stesheni. Ile kushuka na begi moja.

Chanzo ni hela, tuseme ukweli. Sisi tulimpeleka yule kijana kama mradi wa ukoo, ajenge, asomeshe wadogo zake, amnunulie baba boti ya dagaa. Ligi yetu mshahara ni wa wachache, mikataba mifupi, timu nyingine mnakaa miezi bila kulipwa, goti likienda hakuna bima inayokufuata mpaka nyumbani. Kwa mazingira hayo mtu kurudi bila kitu ni jambo la kawaida kabisa na wala halina uhusiano na kwamba alikuwa mzembe. Kule Wales waliwahukumu watu kwa kufuata hela, sisi tunawahukumu kwa kurudi bila hela, na kote kote kinachotupwa ni kilekile, miaka 10 ya kujua mpira ndani ya kichwa cha mtu mmoja.

Kuna hoja naisikia sana, kwamba mchezaji wa zamani sio lazima awe kocha mzuri, na kwamba siku hizi ukocha una leseni, huwezi kuokota mtu tu. Ni hoja ya kweli na naikubali. Wapo waliocheza vizuri sana na hawawezi kumueleza mtoto kitu akaelewa, na wapo wenye hasira ambao sitaki wakae karibu na watoto. Ila hebu angalia tunavyoitumia hii hoja. Anayefundisha timu zetu nyingi za mtaa hana leseni wala hajacheza popote, ni mwenye mapenzi tu na muda, Mungu ambariki, na hakuna anayemuuliza cheti. Cheti tunakikumbuka akija yule aliyerudi. Kama kweli shida ni leseni basi dawa yake inajulikana, kozi za awali za CAF zinatolewa hapa hapa nchini, chama cha mkoa kinaweza kusukuma moja iletwe Kigoma na wadau wakamlipia mtu ada. Tunachanga harusi za mamilioni kwenye magrupu ya WhatsApp, hatushindwi kuchangia watu wawili kwa mwaka wapate karatasi.

Na tusisahau kwamba wakati huu tuna pa kuanzia. Mashujaa ya hapa Kigoma wapo ligi kuu tangu msimu wa 2023/24, uwanja wa Lake Tanganyika umekuwa mahali ambapo vigogo wanakuja wakiwa na presha, Aprili 2024 Simba walitolewa Kombe la Shirikisho palepale kwa matuta, na kabla ya hapo, Desemba 2018, Mashujaa wakiwa bado wa chini waliwafuata Simba Dar wakawafunga 3 kwa 2. Mtoto wa Kigoma leo anaona ligi kuu kwa macho yake bila kupanda treni. Ile ni timu ya jeshi, ina utaratibu wake na ajira zake, sitegemei imchukue kila aliyerudi. Ila kati ya Mashujaa na mtoto wa shule ya msingi pale Kibirizi kuna pengo kubwa sana, kuna timu za mitaa, kuna sekondari, kuna ligi ya wilaya, na hilo pengo ndo mahali pa hawa watu. Kipa aliyecheza miaka 8 awape makipa wa sekondari tatu siku moja kwa wiki. Beki awachukue mabeki wa mtaa wake. Siongelei ajira kubwa, naongelea kumpa mtu sehemu, siku, na posho inayoeleweka, halafu aitwe kocha fulani mbele ya watoto.

Na kosa la Cardiff tusilirudie, kumleta mtu bila kuandaa waliopo. Yule mwalimu wa michezo, yule kijana anayefundisha timu ya mtaa kwa mapenzi, wakae nao kwanza. Waambiwe huyu haji kuchukua nafasi yako, anakuja kukusaidia kitu ambacho wewe hukupata bahati ya kukiona. Bila hivo watafanya kama wale wenzake Davies pale Cardiff siku ile ya Aberavon, mpira utazunguka wote na yeye hapewi.

Familia nazo zina la kufanya, hasa kina baba. Kijana akishuka pale stesheni, mwiteni ndani mumpe ugali na mgebuka, mumuulize afya, mumuulize goti. Habari za nyumba na boti atazisema mwenyewe akitaka. Nimeona baba mmoja Ujiji aliyemwambia mwanae siku ya kwanza tu, mbele ya wadogo zake, kapumzike mwanangu kesho tutaongea, na huyo kijana leo ana timu ya watoto zaidi ya 30 asubuhi za Jumamosi, na hajawahi kukimbilia Dar.

Mashindano ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, yanakuja kila mwaka, kambi za mkoa zinawekwa, watoto wanachujwa. Ombi langu kwa maafisa michezo wa Kigoma Ujiji na wa wilaya zote, Kasulu, Kibondo, Uvinza, Buhigwe, Kakonko, ni kwamba kabla ya kambi ijayo waandike majina ya wachezaji wote wa zamani wanaoishi kwenye maeneo yao, madiwani na wenyeviti wa mitaa wanawajua wote, waite watano, wawape siku nzima na wale watoto, walipie bodaboda na chakula cha mchana. Wakimaliza wakae nao chini na kuwauliza wameona nini. Mtu wa kumuanzia pale Mwanga nimeshamsema, duka lake linafungwa saa kumi na moja.